Vibati Mia Tatu

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na minane, na mwaka wa kwanza haujaisha nilishajua kwamba sitakaa. Simsingizii mume wangu. Hakunipiga, hakuninyima chakula, hakuniletea mwanamke mwingine ndani. Alikuwa mkulima wa hapo hapo kwetu Handeni, mtu mpole, amenizidi miaka kumi na kitu, na kila jambo alilifanya polepole mpaka mimi ninayemtazama nikawa nawashwa mwili mzima. Akitaka kununua jembe ataligeuzageuza nusu ya siku, aligonge kwa kidole, aliweke chini, aende zake, kesho yake arudi aligeuze tena. Ukimuuliza neno asubuhi, jibu lilikuja jioni, na jibu lenyewe lilikuwa "tutaona." Mimi sikuumbwa hivyo. Mimi nilikuwa mtu wa kuamka na kuondoka, na niliporudi nilikuta amekaa pale pale nilipomwacha.

Tulikaa miaka minne bila kupata mtoto. Watu walisema ndiyo sababu nilitaka kuondoka, nami niliwaacha waseme, kwa sababu hiyo ni sababu inayoeleweka. Ukisema unaondoka kwa vile nyumba ina kimya, watakuambia una jini. Na kweli nilipelekwa kwa mganga aangalie kama ninalo. Alisema hakuona kitu, kisha akadai kuku wake.

Hatimaye mama alinipeleka kwa mwalimu wa chuo, yule aliyesomesha watoto Kurani na kufungisha ndoa za pale kwetu. Mwalimu alinisikiliza bila kunikemea, jambo ambalo sikulitegemea. Akanieleza kwamba mwanamke anayetaka kumwacha mume asiye na kosa anaweza kujitoa kwa kurudisha mahari aliyopewa. Wenye elimu wanaita khului. Mume akiipokea mahari mbele ya mashahidi kwa ridhaa yake na akasema neno lake, imekwisha. Asipopokea, basi wewe ni mke wake.

Mahari yangu ilikuwa shilingi thelathini. Nilikuwa nimeinunulia mbuzi, na ukame ulikuwa umewamaliza mbuzi wote.

"Nitazipata wapi shilingi thelathini?" nilimuuliza mama tukiwa njiani kurudi.

"Korogwe," mama alisema. Inaonekana jibu hilo alikuwa nalo siku nyingi.

Nilimwendea mume wangu, nikamkuta anapura mtama. Nikamwambia nakwenda Korogwe kutafuta za kumrudishia. Akaendelea kupura. Nilisimama nikahesabu mapigo ya gongo lake mpaka nikachoka. Alipomaliza alijifuta vumbi usoni, akasema, "Nenda salama." Nilitamani angenitukana. Kwa matusi ningepata cha kuchukulia hasira njia nzima.

Nilifika Korogwe kwa miguu, safari ya siku mbili, wakati vita vile vikubwa vya pili vilikuwa vimepamba moto. Vijana wengi walikuwa wamechukuliwa kwenda kupigana nchi ambazo hata majina yake hatukuweza kuyatamka, na wazungu wa mashamba walitaka mkonge bila kupumzika kwa sababu jeshi lilitaka kamba. Makambi ya mashambani yalikuwa yamejaa watu wa kila kabila, wengine wametoka mwendo wa mwezi mzima. Nilinunua chungu kikubwa, nikakaa kwenye njia ya kuingilia shambani, nikaanza kuwauzia uji wa mtama na mihogo ya kuchemsha alfajiri kabla kengele ya kazi haijagongwa. Bakuli la uji senti tano, kipande cha muhogo senti tano. Wateja sikukosa hata siku moja. Nilichokosa ni senti.

Anayezaliwa leo haelewi jambo hili. Senti zilikuwa zimepotea. Zile senti zetu zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga kwenye kamba na kuzifunga kiunoni au kuzitundika darini, ziliondoka moja moja mpaka zikaisha mikononi. Wengine walisema serikali imezikusanya ikayeyushe shaba ya risasi. Wengine walisema watu wenyewe wamezifukia kwa kuogopa vita. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba ulikuwa ukienda dukani na shilingi nzima kununua chumvi ya senti kumi, mwenye duka anakutazama kwa huzuni, kisha anakurudishia chenji ya nusu wembe, sindano moja na njiti za kiberiti. Mimi nimewahi kuuza uji asubuhi nzima kwa njiti. Jioni nilikuwa na njiti zaidi ya mia na sina ganda la kuzikwaruzia.

Ndipo Mhindi mmoja mwenye duka kubwa karibu na stesheni ya treni alipopata akili. Alimwita fundi bati, akamkatia madebe matupu ya mafuta ya taa kuwa vipande vya mviringo, ukubwa wa senti kumi, na kila kimoja akakipiga muhuri wa chuma wenye namba kumi na umbo la jani. Watu wakaviita vibati. Ukinunua kitu dukani kwake na chenji ikakosekana, alikupa vibati, na wewe siku nyingine ulivirudisha kwake ukachukua sukari au kitambaa. Haukupita mwezi, kinyozi anapokea vibati, muuza samaki anapokea vibati, na sadaka ya Ijumaa ilikuwa inalia bati. Nami nikaacha njiti, nikapokea vibati.

Vilikuwa na mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, vilifanya kazi Korogwe tu. Ukivuka mto ukaelekea kwetu, ulikuwa umebeba takataka za fundi bati. La pili lilihusu shilingi. Mwenye duka aliahidi kutoa shilingi moja kwa kila vibati kumi, ila shilingi nazo zilikuwa chache, na zilizofika kila mwezi alizitoa kwanza kwa wanyapara wa mashamba. Sisi wengine tuliambiwa tusubiri shehena kutoka Tanga. Nilimwona mara nyingi akiwalipa wanyapara. Alikuwa akichukua kila kibati alichokwisha kukilipa, anakiweka kwenye gogo, anakipiga msumari katikati, tundu linatokea, kisha anakitupa kwenye debe nyuma ya duka. Alifanya hivyo ili asije akalipa kitu kimoja mara mbili. Kibati kizima kilikuwa fedha. Kibati chenye tundu kilikuwa kimekufa, na kila mtoto wa Korogwe alijua hivyo.

Kambini kulikuwa na wizi. Chumba changu kilikuwa na mlango wa mabua, na mara mbili nilirudi nikakuta sufuria imeondoka. Kwa hiyo kila mama alipokuja kuuza tumbaku, baada ya miezi miwili au mitatu, nilimkabidhi vibati vyangu akavitunze nyumbani. Nilimwambia ni fedha ya Korogwe, na kwamba shehena ikifika nitavibadilisha vyote kwa mpigo. Mama alivifunga kwenye upindo wa kanga, akaviweka kifuani, akaondoka bila kupumzika. Alikuwa na haraka kama mimi. Sikumwambia habari ya tundu. Sikuona sababu ya kumwambia. Nani atoboe bati lake mwenyewe?

Niliuza uji mwaka mmoja na nusu. Moshi uliniharibu macho, mpaka leo yanatoa machozi nikikaribia moto. Sikununua kanga mpya, sikula nyama ila ya Idi. Nilikuwa nikijilaza nashindwa kutulia, nageuka huku na huku, nahesabu: mia na arobaini, mia na tisini, mia mbili na thelathini. Mume wangu hakutuma hata salamu. Mimi nikasema, mtu huyu hata sijui kama ametambua kwamba nimeondoka.

Siku shehena ilipofika nilisikia kwa mteja wa uji. Nilimwaga uliobaki, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena maishani, nikaenda dukani kuhakikisha. Mwenye duka mwenyewe alisema ndiyo, shilingi zimefika, na aliye na vibati avilete kabla ya mwezi kwisha kwa sababu boma halitaki tena kuviona. Siku hiyo hiyo nikaanza safari ya Handeni. Nililala kwa watu njiani, na kesho yake jua linapokaribia kuzama nilikuwa uani kwa mama, miguu imevimba, nacheka peke yangu.

Mama aliingia ndani akatoka na kapu. Alikuwa anatabasamu kwa namna ya mtu aliyeficha zawadi. Akatoa mikufu mitatu, kila mmoja una vibati mia, vimetungwa kwenye kamba ya katani iliyosokotwa vizuri, na ncha zimefungwa fundo.

"Vilikuwa vinateleza ovyo," alisema. "Fedha gani haina tundu? Nikavipeleka kwa mhunzi, akanitobolea vyote kwa mahindi pishi moja. Sasa hakipotei hata kimoja."

Nilichukua mkufu mmoja nikaushika. Nataka niandike kwamba nilikuwa na subira na mama yangu, lakini sikuwa nayo. Nilimwambia, "Umeviua." Nikamweleza habari ya gogo na msumari, kwa sauti ambayo sijapata kuitumia kwa mama. Nikamwambia amenitupa mwaka na nusu kwenye moshi. Nikamwambia bora angeviacha viibwe. Mama alikaa chini kwenye mchanga, mikono juu ya magoti, hakujitetea. Maisha yake yote fedha ilikuwa ni kitu cha kutungwa kwenye kamba. Alifanya walichofanya mama yake na bibi yake, tena alilipa mahindi yake mwenyewe katika mwaka wa njaa. Hilo nalijua sasa. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba nitazeeka nikitazama mtama unapurwa.

Hata hivyo nilivirudisha Korogwe. Nilijiambia mwenye duka ananifahamu, ameninunulia uji mara ngapi. Aliimwaga mikufu yote mitatu juu ya meza, akainua kibati kimoja kwenye mwanga, akakiweka.

"Dada, hivi vimeshalipwa."

Nikamweleza habari ya mama na mhunzi. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilimwona ananiamini. Hicho ndicho kilichoniumiza.

"Tundu la mhunzi na tundu langu ni tundu moja," alisema. "Debe langu huko nyuma wanaliiba kila siku. Wiki hii wamekuja watu wanne na vibati vilivyotobolewa, kila mmoja ana hadithi. Nikikulipa wewe, kesho nitalipa debe zima." Akanipa sukari ya bure kwenye karatasi. Nikaichukua, kwa sababu sikuwa na nguvu hata za kukataa, nikaondoka na mikufu yangu shingoni mchana kweupe, watoto wa stesheni wakinicheka.

Nilipofika tena Handeni nilimkuta mama hajala siku mbili. Tulikaa jikoni. Kisha yeye, akitazama majivu, akasema polepole, "Hapa Handeni hakuna anayejua habari ya tundu."

Hakurudia. Lakini kesho yake nilituma mtu kwa mume wangu kumwambia kwamba nimerudi na mahari yake, iko katika vibati vya Korogwe, na baada ya Ijumaa mbili tukutane kwa mwalimu. Hayo nimeyafanya mimi. Mama alisema maneno saba tu, na mimi ndiye niliyeyapa miguu.

Zile siku zilizobaki sikuweza kukaa. Nilichota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilikwenda kisimani, nikaenda sokoni, nikarudi, nikaenda tena. Kila nilipoona mtu ametoka upande wa Korogwe nilijificha nyuma ya nyumba, nikiogopa ataanza kusimulia habari za duka. Nilikuwa najiambia kwamba mume wangu hana haja na fedha, kwamba shamba lake linamtosha, kwamba hata akigundua itamchukua mwaka mzima kuamua kama akasirike. Nilimdharau ili nisijidharau mwenyewe.

Siku ilipofika tulikaa kwenye mkeka barazani kwa mwalimu. Mashahidi walikuwa wawili, wazee wa mtaa. Mume wangu alikuja amevaa kanzu safi. Niliweka mikufu mitatu mbele yake, na kusema kweli ilipendeza. Ilionekana fedha kuliko fedha yenyewe, kwa sababu ya tundu.

Mwalimu aliinua mkufu mmoja. "Hivi vinatumika?"

"Vinatumika Korogwe," nilisema. "Kumi kwa shilingi." Sauti yangu haikutetemeka, na mpaka leo nashangaa.

Mwalimu alimgeukia mume wangu. "Mahari ilikuwa shilingi. Si lazima upokee hivi. Unavikubali?"

Mume wangu alichukua mkufu. Nilijua ataugeuzageuza, na aliugeuzageuza. Alikamata kibati kimoja, akakiinua, akalitazama lile tundu kwa muda ambao ningeweza kupika uji ukaiva. Mzee mmoja alikohoa. Nilikuwa tayari kuinuka na kusema yote, si kwa uaminifu, kwa kushindwa kusubiri tu.

"Navikubali," alisema. Akasema na neno la kuniacha, sawasawa kama mwalimu alivyomfundisha, akainuka, akaitia ile mikufu kwenye mfuko wake, akaenda zake. Nilihisi furaha nikataka kukimbia. Kisha hofu ikanishika kabla sijafika kwenye kona.

Maana ridhaa yake ilikuwa imesimama juu ya uongo wangu. Mwalimu alikuwa amesema, asipopokea mahari, wewe ni mke wake. Je, aliyepokea bati bovu amepokea nini? Sikuwa na mtu wa kumuuliza, kwani kuuliza ni kukiri. Nilikaa eda yangu kwa mama nikihesabu siku. Kila siku nilimtegemea aje na mikufu mkononi, nyuma yake mwalimu na wale wazee. Hakuja. Nikarudi Korogwe kwenye chungu changu, nikamtegemea huko. Nilisema, lazima atakuja dukani kubadilisha, na mwenye duka atamwambia, na atatembea hatua chache tu mpaka kwenye moshi wangu. Kila mwanamume mrefu aliyetokea njia ya mto alinikata pumzi. Hakuja. Nikasikia amehamia Kabuku, amepata shamba lenye rutuba, ameoa.

Vita vikaisha. Senti zilirudi, nyingi na mpya, na vibati vikawa vitu vya watoto kuchezea. Fundi mmoja wa reli, mtu mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko treni, alianza kunywa uji kwangu mara mbili asubuhi moja. Akatuma watu. Nikasema asubiri. Akatuma tena. Nikasema asubiri. Aliniuliza kama sina hamu naye, na nilikuwa nayo, nilikuwa nayo sana, lakini nilishindwa kumwambia kwamba pengine ni mke wa mtu. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Nilikonda. Nilikuwa nimetoka katika ile nyumba yenye kimya, na kimya kilikuwa kimenifuata.

Basi nikaweka tena. Mara hii shilingi halisi. Nilipofikisha thelathini nilizifunga kwenye kitambaa, nikapanda lori la mahindi, nikaenda Kabuku.

Nilimkuta uani adhuhuri anachonga mpini. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akanionyesha kigoda, akaendelea kuchonga. Mke wake, mwanamke mnene mwenye uso mzuri, aliniletea maji, akaniuliza habari za njiani, akarudi jikoni kwa mtoto anayelia. Nilisubiri. Mpini ulipokwisha nilifungua kitambaa, nikazitandaza shilingi chini kati yetu.

"Vile nilivyokupa kwa mwalimu vilikuwa vimekufa," nilisema. "Vikiwa na tundu havilipwi. Nilikuwa najua."

"Najua," alisema.

Nilidhani anasema kwamba aligundua baadaye. "Ulikwenda dukani?"

"Nilikwenda." Akakung'uta maganda ya mti magotini. "Ulipotuma habari kwamba mahari iko kwenye vibati, nilikwenda kwanza kuviuliza. Sijapata kupokea kitu nisichokijua. Yule Mhindi alinieleza vyote, kizima na kilichotobolewa. Nikarudi. Siku ile ulipoviweka mkekani niliyaona matundu kabla hujakaa."

Siku nne, kwenda na kurudi, kwa miguu. Mimi nilikuwa ninajificha nyuma ya nyumba kwa ajili ya watu wanaotoka Korogwe, na mmoja wao alikuwa yeye.

"Sasa mbona ulivikubali?"

Akanyamaza. Nilijua ile namna yake ya kunyamaza, na zamani ningeinuka nikaondoka. Mke wake aliimba kidogo jikoni, mtoto akatulia. Ndipo akasema:

"Ulikaa mwaka na nusu kwenye moshi kwa sababu ya kutoka kwangu. Ningesema sivitaki, ungerudi ndani. Ningekaaje na mtu aliyerudi namna hiyo?"

Nilikasirika. Watu watashangaa, lakini hivyo ndivyo nilivyohisi kwanza, hasira mpaka machozi. Nilikuwa nimejiambia kwamba nimejinunua, hata kama ni kwa hila, hila yangu mwenyewe. Kumbe nilipewa. Nilipewa na mtu niliyekuwa nikimwita mzito wa akili mbele ya kila aliyekunywa uji wangu, na yeye hakumwambia yeyote, wala mwalimu, wala huyu mke wake. Nikazisukuma shilingi miguuni pake. Nikamwambia azichukue, ni zake, ni za haki, na asiponipokelea sitatoka uani kwake.

Alinitazama usoni. Sidhani kama katika ile miaka minne aliwahi kunitazama hivyo, au labda aliwahi na mimi nilikuwa nimeshageuka. Kisha akaanza kuzihesabu. Alichukua shilingi moja, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaiweka. Akachukua ya pili. Zote thelathini, moja moja, na mimi nimekaa pale.

"Zimetimia," alisema. "Sasa umeridhika?"

Nikasema nimeridhika. Ulikuwa uongo wa pili niliompa mtu yule, na nadhani nao aliupokea akijua.